Balbu nyeupe za taa za gari, na duka lililoniambia nimlete mume wangu

Nilipoketi kuandika haya nilikusudia kulitendea haki duka lenyewe, kwa sababu betri waliyoniuzia kabla ya mvua za mwaka jana ingali inawasha gari kila asubuhi bila kusuasua, na bei yao haikuwa mbaya. Sitalitaja jina. Ni duka la vipuri hapa Malindi, na ninachosimulia ni kile nilichotendewa mimi, kwa gari langu, kwa pesa zangu.

Mimi ni mwalimu, na mama yangu anakaa Marereni. Ijumaa nyingi, nikishamaliza kusahihisha madaftari, navuka daraja la Sabaki giza likiwa limekwisha kuingia. Anayeijua njia ile hahitaji kuelezwa. Mwanga wa mji ukishabaki nyuma, mbele yako kuna malori ya chumvi yanayotoka Gongoni, ng'ombe waliolala kwenye lami kwa sababu bado ina joto la mchana, kina mama wanaotembea ukingoni na mizigo kichwani, na bodaboda ambazo taa ya nyuma ilivunjika zamani na haikubadilishwa. Taa za gari langu, la Kijapani, la mitumba, zilikuwa zimefifia kiasi kwamba mtu aliyevaa nguo nyeusi nilikuwa namwona nikiwa nimeshamfikia. Hilo ndilo lililonipeleka dukani, wala sikutafuta urembo.

Kijana wa kaunta alizitazama taa kutoka pale alipokaa, bila kuinuka, akasema, "Mama, weka balbu za LED, usiku utageuka mchana." Nililipa shilingi 6,500, pamoja na kazi ya kufunga. Walizitoa balbu za zamani za halojeni, zile zenye uzi unaowaka, wakachomeka zile mpya, wakafunga boneti, kazi ikaisha. Hakuna aliyeliegesha gari mbele ya ukuta kuona mwanga unaangukia wapi. Wakati huo sikujua kwamba hiyo ni hatua isiyorukwa. Wao walipaswa kujua.

Nakiri kwamba hadi kufika Sabaki nilikuwa na furaha ya kweli. Barabara ilikuwa nyeupe, hata majani ya pembeni yalionekana. Baada ya daraja, magari yaliyokuja mbele yangu yakaanza kunipiga fulu, moja baada ya jingine, nami nikadhani ni ukorofi wa madereva. Kupita Mambrui kidogo, lori moja liliniwashia fulu na halikuzima. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, na mimi kwa sekunde mbili au zaidi sikuona chochote isipokuwa weupe. Lori lilipopita, mbele yangu palikuwa na bodaboda iliyobeba madumu ya mnazi, haina taa. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Nilisimama karibu kiasi cha kumsikia yule kijana akimtaja Mungu.

Gongoni nilisimama ili mikono iache kutetemeka. Dereva mmoja wa matatu akanijia dirishani, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani, mama, zima fulu, unatupofusha." Nikamwonyesha swichi: fulu ilikuwa imezimwa. Akaenda mbele ya gari, akatazama, akarudi akaniambia, "Basi hizo balbu hazifai kwa taa hizi." Mtu nisiyemjua, gizani, aliligundua kwa dakika moja jambo ambalo duka zima halikuligundua mchana kweupe.

Siku chache baadaye nikarudi dukani. Sikupaza sauti. Nilieleza yote, pamoja na ile bodaboda, nikaomba wanirudishie halojeni zangu na pesa zangu, au angalau wazikague taa. Yule kijana alinisikiliza huku akiendelea na simu yake, kisha akaniuliza, "Mama, gari ni la bwanako?" Nikamjibu kwamba gari ni langu, nililinunua kwa mkopo wa ushirika wa walimu na nililimaliza kulilipa mwenyewe. Akasema, "Basi mlete mzee, tutaelewana naye. Haya mambo ya umeme si ya kueleza hivi hivi." Waliokuwepo wakacheka. Mwenye duka alikuwa amekaa pale pale nyuma, alisikia, na hakufungua kinywa.

Nimelirudia neno lile kichwani mara nyingi kuliko ninavyotaka. Angesema kwamba sijui umeme wa magari, ningekubali, ndiyo sababu nilikwenda kwa wanaodai kuujua. Lakini mume wangu, hata angekuwa umbali wa hatua mbili, hakuwa yeye aliyekaribia kumuua kijana wa watu Mambrui.

Aliyenisaidia ni fundi mmoja mzee wa umeme wa magari, kule Maweni, ambaye kibanda chake hakina hata ubao wa jina. Baada ya shikamoo na marahaba hakuniuliza kuhusu mume. Aliniambia, "Mwalimu, subiri magharibi ipite, tutazame ukutani." Giza lilipoingia akaliegesha gari mita 10 kutoka kwenye ukuta, akawasha zile LED zikiwa kwenye dimu, yaani mwanga wa chini. Ukutani palikuwa na doa kubwa la mwanga lisilo na mpaka, limepanda hadi juu ya kimo cha mtu. Kisha akaweka balbu za halojeni za aina ya gari langu, H4, na doa likageuka mstari: giza juu, mwanga chini, na upande wa kushoto mstari umeinuka kidogo ili umulike ukingo wanakopita watu.

Akanishikisha balbu iliyoungua, aliyokuwa ameihifadhi, nione. Ndani ya H4 kuna nyuzi mbili, na chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kinachouzuia mwanga usipige nusu ya chini ya kioo cha ndani ya taa, kile kinachoakisi mwanga, na kurudi juu. Kioo hicho kimeundwa kwa kuhesabia mahali uzi ulipo. Ukibandika vipande vya LED, vinavyotoa mwanga bila uzi, mahali pasipo sawasawa, kioo hakijui la kufanya na mwanga huo, kinautupa kila upande. Maelezo yake yalichukua muda mfupi kuliko kicheko cha wale wa dukani, na niliyaelewa yote.

Halafu akanionyesha kwamba balbu zangu za zamani hazikuwa na kosa. Plastiki ya taa ilikuwa imeota umanjano kwa jua, akaisugua kwa msasa laini na maji, akaipaka vanishi ya kuzuia jua. Akapima umeme kwenye soketi, injini ikinguruma: volti 11.8, ilhali kwenye betri zilikuwa 13.9. Waya za zamani zilikuwa zinakula umeme njiani, na halojeni ikipungukiwa asilimia 10 ya volti hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Akafunga rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, na waya nene kutoka kwenye betri moja kwa moja, akazikaza skrubu za taa hadi ule mstari ukashuka sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Yote hayo yalinigharimu pungufu ya nilizolipa dukani.

Nilitaka kusema kwamba LED ni takataka, lakini fundi mwenyewe alinikataza: kuna magari yaliyoundwa nazo tangu kiwandani, na hizo humulika vizuri bila kumuumiza mtu. Kwa hiyo sizilaumu balbu. Na hapo mwanzo nilisema nitalitendea haki duka, kwa ajili ya ile betri. Kila nikiandika naona siwezi. Betri nzuri haifuti kicheko kile, wala haimfuti mwenye duka aliyenyamaza. Sitarudi pale, na walimu wenzangu nimewaambia kwa mdomo ni duka gani.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Marereni kukiwa na manyunyu. Malori matano yalinipita kati ya Mambrui na Gongoni, na hakuna hata moja lililonipiga fulu. Zile LED zimo ndani ya boksi lake, juu ya kabati, na shilingi zangu 6,500 bado nazidai.