mRDT kwenye zahanati za Kusini: inajibu swali moja tu

Ukifika na homa kwenye zahanati yoyote ya Kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, kinachoanza kutobolewa ni kidole. Kile kibao cheupe cha plastiki tunachokiita mRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, kimeokoa watu wengi, na kwa kazi yake halisi tunakipa alama za juu. Hakitaki umeme wala darubini, na majibu hupatikana ndani ya nusu saa. Kazi yake ni kunasa protini ya HRP2 inayotolewa na Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria iliyozoeleka huku kwetu. Shida inaanza pale jibu lake linapochukuliwa kuwa ndiyo mwisho wa uchunguzi.

Kwanza upimaji wenyewe, maana majibu mengi mabaya yanatokana na mikono. Spiriti ikauke kabisa kidoleni kabla ya kutoboa, la sivyo damu inatapakaa badala ya kukaa tone. Kinachohitajika kwenye vipimo vingi ni maikrolita 5 tu. Damu ikizidi, kidirisha kinabaki chekundu na mstari hafifu hauonekani kwa urahisi. Matone ya bafa, kile kimiminika kinachoongezwa kwenye damu, yanatofautiana kwa mtengenezaji: kuna kipimo kinachotaka 2, kingine 4, hivyo karatasi iliyomo ndani ya boksi isomwe kila toleo linapobadilika. Bafa ya boksi moja isihamishiwe kwenye kibao cha boksi jingine, na maji ya dripu hayachukui nafasi yake. Muda nao ufuatwe kwa saa, si kwa kukisia. Mstari wa C, unaoonyesha kuwa kipimo kinafanya kazi, usipotokea, kipimo hicho kimeharibika hata kama T, mstari wa malaria, imejichora. T ikiwa hafifu bado ni chanya. Na pakiti isifunguliwe kabla mgonjwa hajakaa kitini, kwani unyevu wa pwani unaharibu kibao upesi.

Tukija kwenye chanya isiyoaminika: HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyemaliza dawa mseto ya malaria wiki mbili zilizopita, akaja na homa mpya, anaweza kutoka chanya na kupewa mseto tena ilhali anaugua kitu kingine. Mwambie mhudumu tarehe uliyomaliza dawa, kisha omba slaidi, yaani damu itazamwe kwa darubini.

Hasi ndiyo inayotutia hofu zaidi, kwa sababu Kusini tuna magonjwa yanayovaa sura ya malaria. Julai 2022, wilayani Ruangwa, watu 20 waliugua homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani, 3 walifariki. Ilithibitishwa kuwa ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingia mwilini kupitia michubuko, macho au mdomo. Wanaolima mpunga mabondeni bila viatu wako hatarini, na vivyo hivyo wanaochuna panya pori, wale samaki nchanga, kwa mikono mitupu yenye majeraha. Dalili za kutazama ni vigimbi vinavyouma hata vikiguswa tu, na macho mekundu yasiyo na tongotongo. Ugonjwa ukizidi, macho yanageuka manjano na mkojo unapungua. Hapo wengi wanadhani ni homa ya ini, kumbe figo nazo zinashindwa. Sampuli ya damu kwa kipimo cha vinasaba ichukuliwe ndani ya wiki ya kwanza, kabla ya antibayotiki ikiwezekana. Lakini mgonjwa aliyezidiwa asicheleweshewe penisilini au seftriaksoni ya mshipa kwa kungoja majibu ya mbali.

Chikungunya nayo ni ya kwetu kwa jina na kwa historia: ilitambuliwa mara ya kwanza kwenye uwanda wa Makonde katika mlipuko wa 1952 hadi 1953, na jina lake la Kimakonde linamtaja mtu anayepindika kwa maumivu. Homa inapanda ghafla, kisha viungo vya vidole, viwiko vya mikono na vifundo vya miguu vinakaza, wakati mwingine kwa miezi. Mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Tumia parasetamo. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziachwe mpaka ithibitike kuwa si dengi, homa nyingine ya mbu, kwa kuwa zinaweza kuongeza kutokwa damu.

Mjanja kuliko wote ni homa ya papasi. Papasi anakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anauma usiku, na aliyeumwa mara nyingi hajui. Homa inakaa siku chache, inashuka yenyewe kwa jasho jingi, inarudi baada ya wiki moja hivi. Mgonjwa aliyemeza mseto katikati anaamini amepona, na homa ikirudi anaambiwa ana malaria sugu. mRDT haiwezi kumwona bakteria anayeleta homa hii hata ifanywe mara kumi. Slaidi inamwona, alimradi damu itolewe wakati homa iko juu. Matibabu yake yafanyike kituoni, maana saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka vibaya na shinikizo la damu kushuka. Slaidi hiyohiyo inaweza kuonyesha vimelea vya malale, ugonjwa adimu unaofaa kukumbukwa kwa aliyeumwa na mbung'o porini upande wa Liwale.

Kwa hiyo tunaipendekeza mRDT bila kusita, ila kituo chenye darubini kisiiache ikijaa vumbi kwa sababu vibao vipo. Ukitoka hasi na homa haijashuka, rudi siku hiyohiyo au inayofuata, utaje shamba ulilolima, maji uliyokanyaga, nyumba uliyolala na tarehe homa ilipoanza. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukipungua, au damu ikitoka puani, usingoje kesho: omba rufaa hapohapo.