UFC Fight Pass: maktaba ya kumaliza ubishi wa nani mkali wa welta

Kama wewe ni wa kubishana nani baba lao kwenye welta, ule uzito unaoishia paundi 170, kama kilo 77 hivi, Fight Pass, huduma ya mtandaoni ya UFC, kampuni ya mapigano ya ngumi, mateke na mieleka, naipa alama za juu kabisa kwa sababu moja tu, ina mapambano ya zamani mazima mazima. Vipande vya nokauti vinadanganya sana kwenye uzito huu maana mabingwa wake wengi wameshinda kwa kazi ya dakika 25, sio kwa ngumi moja.

Anza na Georges St-Pierre, yaani GSP. Watu wanasema anaboa, haya sawa, fungua pambano lake na Josh Koscheck la Desemba 2010 uliangalie mwanzo mwisho. Koscheck ni mtu wa mieleka haswa, anasubiri kuvamiwa miguu, GSP anampelekea jebu, ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, anajiandaa kuzuia miguu anakula jebu nyingine, anainua mikono ndo anavutwa chini, mpaka mwisho jicho la Koscheck limevimba limefunga kabisa na mfupa umevunjika. Na huyu GSP asili yake karate, mieleka alijifunza baadae! Alitetea mkanda mara 9 mfululizo, 2008 mpaka 2013, na wote wawili waliowahi kumpiga, Matt Hughes na Matt Serra, alirudi akawapiga.

Kamaru Usman mi namuweka wa pili, na nampenda sana jamaa, kazaliwa Auchi Nigeria, bingwa wa kwanza wa UFC aliyezaliwa Afrika. Kachukua mkanda kwa Tyron Woodley 2019, kautetea mara 5. Angalia mapambano yake mawili na Jorge Masvidal kwa kufuatana, la Julai 2020 anamgandamiza kwenye uzio raundi nzima nzima, la Aprili 2021 Masvidal anawaza kugandamizwa tena, mkono wa kulia huo, kalala raundi ya pili. Huo ndo ukuaji wa mpiganaji na kipande cha nokauti peke yake hakikuonyeshi kabisa.

Halafu Usman na Leon Edwards, Agosti 2022. Lile teke la kichwa kila mtu kaliona, imebaki chini ya dakika moja pambano liishe na Usman anaongoza kwa pointi. Ila ukiangalia lote unakuta raundi ya kwanza Edwards ndo kamwangusha Usman chini, kitu ambacho hakuna mtu alikuwa kakifanya UFC, halafu raundi tatu zinazofuata Edwards kapotea kabisa mpaka makocha wa kona yake wanamfokea. Marudiano 2023 Edwards kashinda tena kwa pointi na hapo ndo Usman anaachwa na GSP, deni lake hakulilipa.

Matt Hughes, yule aliyewahi kumpiga GSP, mpitie haraka, nguvu nyingi sana ila mchezo ulimpita. Islam Makhachev aliyemvua mkanda Jack Della Maddalena Novemba 2025 simuweki humu, utawala wake mkubwa ulikuwa uzito wa chini ya welta. Pambano la Robbie Lawler na Rory MacDonald 2015 usilipite, hata kama halibadilishi chochote kwenye ubishi.

Kingine kizuri, mapambano ya WEC na Strikeforce, kampuni nyingine za mapigano, nayo yamo, kwahiyo Carlos Condit na Nick Diaz unawaona wakiwa mabingwa huko kabla hawajakutana na GSP, ndo unaelewa alikuwa anapiga watu wa aina gani.

Malizia na GSP dhidi ya Johny Hendricks, 2013, zima sauti kabisa watangazaji wasikuvute. Majaji wote watatu walikubaliana raundi ya pili mpaka ya tano, kila mpiganaji kapata mbili, ubishi wote uko raundi ya kwanza. Mi naipa Hendricks hiyo raundi, na GSP bado ni namba 1 wangu.