Tathmini: pakiti ya karatasi za rangi kwa zoezi la kuiga uangavu

Pakiti hii ya karatasi za rangi za ukubwa wa A4, ambayo haina hata jina la kiwanda, imetengenezwa kwa ajili ya mapambo ya sherehe. Mimi niliitaka kwa kazi nyingine: kulishawishi jicho liamini kwamba karatasi nzito, isiyopitisha mwanga hata chembe, ni utando unaoonyesha kilicho chini yake.

Zoezi hilo hutajwa sana pamoja na jina la Josef Albers, mwalimu wa Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, aliyehamia Marekani mwaka 1933 na baadaye kufundisha Chuo Kikuu cha Yale, ambaye alipendelea karatasi kuliko rangi za kuchanganya kwa sababu karatasi hutoa rangi ileile kila inapokatwa. Huchukuliwa kipande cha manjano na cha bluu, vikapangwa kana kwamba vimepandana, kisha pale panapopandana hubandikwa kipande cha tatu, cha kijani. Kijani hicho ndicho chenye kauli ya mwisho. Kikielekea bluu, bluu huonekana iko juu. Kikielekea manjano, manjano hupanda. Kikikaa katikati kabisa, jicho hubaki likisitasita. Rangi ya tatu ikikoza kuliko zote mbili, tunaona vioo viwili vilivyowekwa pamoja, na ikiwa nyepesi kuliko zote mbili, tunaona miale miwili ya taa iliyokutana ukutani. Mistari ya kingo nayo sharti ipite moja kwa moja, kwani ikikatika panapopandana, kiinimacho hutoweka.

Kwa ukataji, pakiti hii sina la kuilaumu: uso wake haung'ai, wembe hauachi nyuzi, na gundi haipenyi. Tatizo ni uteuzi wa rangi. Zipo nyekundu kadhaa zinazokaribiana mno, ilhali kijani ni kimoja tu, tena kikali kiasi cha kuonekana kama kiraka badala ya mchanganyiko. Nyekundu, bluu na zambarau zinaelewana vizuri zaidi. Kijivu nacho ni kimoja, na hilo ndilo pengo kubwa, kwa sababu kuiga shela iliyotandwa juu ya mistari myeupe na myeusi huhitaji vijivu viwili, vyenye tofauti ndogo kuliko ile ya nyeupe na nyeusi zenyewe.

Mwalimu anayetaka kuinunua aongeze karatasi za kijivu na za kijani kilichofifia zinazouzwa mojamoja.