Kinga ya meno ya shilingi 15,000: miezi minane nayo ulingoni

Kocha wa ndondi alinivumilia wiki mbili nikipiga begi la mazoezi tu. Wiki ya tatu akasema wazi: mdomo mtupu ulingoni hupandi. Mimi nimekulia Maji ya Chai, na wenyeji wa Arusha mnajua floraidi iliyo kwenye maji ya kule inavyoyageuza meno kuwa ya kahawia. Jamaa mmoja wa gym akanitania eti nalinda nini. Nalinda ninachotafunia nyama Kwa Mrombo, sina mengine.

Nikachukua ile ya kuchemsha na kung'ata, duka la vifaa vya michezo mjini. Ya kwanza niliiua siku hiyo hiyo. Niliiacha kwenye sufuria jiko likiwaka, ikajikunja kama chapati iliyosahaulika. Hasara, nikanunua nyingine. Safari hii maji yalipochemka niliepua kwanza, nikatumbukiza kwa sekunde zilizoandikwa kwenye karatasi yake (yangu 30, zinatofautiana), nikaipitisha kwenye maji baridi kidogo nisiunguze fizi, nikaivaa meno ya juu mbele ya kioo. Unang'ata kwa kiasi, unanyonya hewa na maji yote, vidole vinabonyeza kwa nje ya mashavu na ulimi unasukuma kwa ndani. Ikikaa sawa, hata ukiachama haidondoki. Nyuma ilinigusa karibu na koo hadi nikataka kutapika. Nikapunguza ncha kwa mkasi.

Wiki ya kwanza unadondosha mate kama mtoto anayeota meno, na ukiongea hueleweki. Inaisha. Mwezi wa nne nilikula ngumi ya kidevu kwenye sparingi (pambano la mazoezi), taya zikagongana. Mdomo wa ndani haukuchanika, jino halikutikisika. Kizunguzungu nilikipata kama kawaida, maana hii ni ya meno, ubongo haiulindi.

Usafi ndio nilioupuuza. Nilikuwa naitupa kwenye begi na glovu zenye jasho, baada ya wiki inanuka kama soksi. Sasa kila nikiivua naisuuza kwa maji baridi, naisugua kwa mswaki wake na sabuni kidogo bila dawa ya meno, maana ile inakwaruza, halafu naiacha ikauke kivulini. Dashibodi ya gari saa saba mchana usithubutu.

Mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, aliisuuza kwa maji ya chupa ya chai. Ikalegea. Nikaichovya na kuing'ata upya, ikakubali, ila haikamati kama mwanzo, na upande wa kulia ninaopenda kuutafuna nikichoka umeanza kupasuka. Kwa bei yake sijutii, anayeanza namshauri aichukue. Mimi inayofuata nitaenda kwa daktari wa meno anichukulie kipimo cha umbo la meno yangu anitengenezee, najua bei itauma.

Kasoro niliyoikuta dukani ni moja: kijiboksi chake hakina matundu, unyevu unabaki ndani. Nimetoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.