Sun Position ya Blender: jua iko vizuri, kaskazini utafute mwenyewe

Nianze na aibu yangu. Miaka ya nyuma nilimchorea mama mmoja nyumba Kigamboni, baraza inaangalia kaskazini, nikarenda (yaani kompyuta ikatoa picha kutoka kwenye mchoro) picha za mwezi wa sita baraza ina kivuli safi kabisa, mama akapenda akajenga. Juni ya kwanza tu baada ya kuhamia akanipigia, "mwanangu, kile kivuli cha kwenye picha umekipeleka wapi, mbona mie naungua hapa?" Kufungua faili, programu niliyokuwa natumia enzi hizo ilikuwa imekaa kwenye mji wa Ulaya toka siku naiweka kwenye laptopu, sijawahi hata kuigusa, kwa hiyo jua langu la mchana linatokea kusini mwaka mzima. Dar tupo kama digrii 6.8 kusini ya ikweta, Juni jua la mchana linapita kaskazini kwetu, juu kama digrii 60, ukingo wa paa ukiwa mita 3 kutoka sakafuni jua linaingia barazani karibu mita 1.7. Desemba ndo linahamia kusini.

Basi nikahamia Sun Position, plagini (nyongeza) ya Blender, ile programu ya kuchora vitu vya 3D, inayokuwekea jua mahali pake kwenye mchoro, bure kabisa. Kuanzia toleo la 4.2 haiji tena ndani ya programu, unaishusha kwenye ukurasa wao wa nyongeza, dakika moja umemaliza. Unabandika latitudo na longitudo ulizokopi kwenye ramani ya simu (kusini ni hasi, usisahau kale kakistari), unaweka masaa +3 (sisi tumetangulia saa za Greenwich kwa masaa matatu), tarehe, saa, jua linakaa lenyewe. Halafu saa ni zile za 24 jamani, mimi nilitaka saa tatu asubuhi nikaandika 3, picha ikatoka giza totoro nikahangaika na taa nusu saa nzima kabla sijajicheka.

Ila kaskazini sasa. Yenyewe inachukulia mhimili wa Y (ule mstari unaopanda juu ukiutazama mchoro kutoka juu) ndo kaskazini, na sisi wote tunachora nyumba imenyooka na mhimili ili kazi iwe rahisi, wakati kiwanja chenyewe kimekaa upandeupande, changu cha mwisho kilikuwa kimelala digrii 34. Kuna sehemu ya kuzungusha kaskazini, na kuna mstari unaweza kuuwasha ukaona inaelekea wapi, uwashe kila mara maana ukikosea alama ya kujumlisha na kutoa nyumba inageukia upande wa pili na picha bado inapendeza tu, hakuna kitu kitakachokustua. Dira ya simu mimi siiamini, ukisimama karibu na nondo au gari inachanganyikiwa. Nachukua mshale wa kwenye ramani ya upimaji, kwa Dar unatosha kabisa kwa kazi ya vivuli.

Nikaijaribu saiti. Mwishoni mwa Juni nikasimamisha kijiti cha mita 1 kwa timazi, saa sita na dakika 25 mchana, maana kwetu jua halifiki juu kabisa saa sita kamili, Dar ipo magharibi ya mstari wa longitudo unaopangia masaa yetu. Fundi ananiangalia kama mganga. Kivuli kikatoka sentimita 59 kuelekea kusini, kwenye Blender 58. Kwa kitu cha bure ntataka nini tena?

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu ukisahau kuweka mahali haikuulizi chochote, inarenda tu kama kawaida, na huko ndiko nilikoungulia mwanzo.

Yule mama nilimlipia mapazia ya mwanzi mwenyewe. Safari hii nilipima kwanza, yanashuka mita moja na nusu kutoka kwenye paa.