ELM327, mita au testa ya taa: kipi kinakamata hitilafu ya P0660?

Karibuni watazamaji, na mafundi wenzangu mnaotazama mkiwa gereji. Mezani nina vitu vitatu: kisoma kodi cha ELM327 kinachotumia bluetooth, mita ya njano ya kupimia umeme ya bei nafuu, na testa ya taa, yaani balbu yenye ncha na klipu inayowaka ikikuta umeme. Kodi ni namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari inahifadhi. Leo navipima kwa tatizo moja tu, P0660, maana hii ni kodi inayowapeleka watu dukani kununua spea ambayo gari halikuihitaji.

Kwanza tuelewane kodi hii inazungumzia nini. Baadhi ya injini zina mlango ndani ya manifodi ya kuingiza hewa, mfano ile V6 ya Toyota 1MZ-FE inayopatikana kwenye Harrier za lita 3.0. Mlango ukifungwa, hewa inapita njia ndefu na injini inavuta vizuri kwenye mzunguko wa chini. Ukifunguka, njia inakuwa fupi, na hapo injini inapata hewa ya kutosha kwenye resi kubwa, yaani injini ikizunguka kwa kasi. Kwenye mfumo wa namna hii mlango unavutwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa, na anayeiruhusu hiyo vakyumu ni solenoidi, yaani vali ndogo inayofanya kazi kwa koili ya umeme, yenye nyaya mbili. Waya mmoja unaleta umeme wa betri kupitia rilei na fyuzi. Mwingine unakwenda kwenye kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, nayo inawasha solenoidi kwa kuupa waya huo ethi, yaani upande wa hasi wa betri.

Sasa, P0660 inasema saketi hiyo ina kasoro au imekatika. P0661 inasema volti ziko chini, P0662 ziko juu. Zote tatu zinataja saketi, yaani fyuzi, nyaya, koneksheni, solenoidi, hadi kontrol boksi yenyewe. Hakuna hata moja inayosema solenoidi imekufa. Na kama mlango wenyewe umekwama kwa masizi, mara nyingi hiyo ni kodi nyingine kabisa, kama P2004.

Tuanze na ELM327. Kusoma kodi inasoma, kufuta inafuta, na inakuonyesha hali ya injini wakati kodi ilipoingia: resi, joto, mwendo. Kwa bei yake nakisifu. Lakini kwa programu za kawaida usitarajie kiamuru solenoidi iwake na kuzima ukiwa umesimama pembeni ya injini. Kazi hiyo inataka mashine kubwa. Ukikuta kimeandikwa toleo 1.5, ujue ni nakala, maana kampuni ya Elm haijawahi kutoa ELM327 ya toleo hilo. Na wenye magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, sikilizeni: soketi ya pini 16 inaweza kuwepo pale chini ya dashibodi na bado gari likakataa kuongea na kifaa hiki. Muombe muuzaji akichomeke kwenye gari lako kabla hujalipa.

Mita sasa. Zima swichi, chomoa koneksheni ya solenoidi, weka mita kwenye ohm. Solenoidi nyingi za aina hii zinasoma makumi ya ohm, thelathini na kitu hivi. Kitabu cha gari lako ndicho kinachotoa kipimo kamili. Mita ikionyesha 1 peke yake upande wa kushoto, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imepiga shoti. Ikiwa sawa, iache solenoidi, rudi kwenye nyaya. Washa swichi bila kuwasha injini, pima waya wa umeme pale kwenye koneksheni. Unapata volti 12. Safi?

Bado. Hapa ndipo mita inapowapoteza watu. Mita inavuta umeme mdogo mno, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 zilezile. Ukiupa waya huo mzigo, zinaporomoka. Ndiyo maana naipa testa ya taa nafasi ya kwanza leo. Banisha klipu yake kwenye ethi ya betri, gusa pini ya umeme. Taa ikiwaka hafifu, una ukinzani njiani: pini imeota kutu ya kijani, au waya umekatikia ndani ya plastiki pale unapokunja kona. Mwambie mtu ashike testa, wewe tikisa nyaya taratibu kuanzia kwenye koneksheni kurudi nyuma. Taa ikipepesa, simama hapohapo, fungua tepu. Gari linalooshwa injini kwa maji ya presha mara kwa mara, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Onyo, na hili nalisisitiza: testa ya balbu kubwa usiipeleke kwenye waya wa kontrol boksi. Solenoidi ya ohm 36 inavuta kama ampea 0.35. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, mara tano. Unaweza kuunguza transista ya ndani, na kosa la waya likageuka kosa la kontrol boksi. Upande huo tumia testa ya LED. Kukagua kama waya huo haujakatika, toa betri, chomoa koneksheni zote mbili, ya solenoidi na ya kontrol boksi, upime mwanzo hadi mwisho kwa mita.

Kwa hiyo mwenye hela kidogo anunue testa na mita kwanza. Kodi unaweza kusomewa gereji. ELM327 ifuate. Ukishainunua, usiiache imechomekwa gari likilala siku nyingi: pini namba 16 ina umeme wa betri muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa.