Tableti ya inchi 11: niliinunua kwa ajili ya leso, nyumbani wakaigombania

Nauza leso Biashara Street, Mombasa. Kila siku nilikuwa nikipekua marobota ili mteja aone doti thelathini kisha aondoke na moja, au aseme "nitarudi, inshallah". Mgongo ulichoka. Nikaamua kupiga picha kila leso, mteja aketi kwenye stuli apitishe kidole mwenyewe. Miezi minane iliyopita nikanunua tableti, shilingi 27,500. Aliyeniuzia alisifu kioo tu: "Pana hii, kama sinema!"

Upana huo ndio ulioniudhi siku ya kwanza. Kioo ni cha 16 kwa 10, kirefu chembamba. Leso ni kama sentimita 150 kwa 110. Ukiweka picha ya leso nzima, kila upande wabaki weusi wa upana wa kidole. Ukiikuza ijaze kioo, pindo la juu na la chini lakatwa nusu. Na mteja wa Mombasa leso haioni nusu. Husoma jina, ule msemo ulioandikwa, kwanza, akacheka au akanuna, kisha ndio aangalie mji, yaani katikati, na pindo. iPad, tableti ya Apple, tangu ile ya kwanza ya 2010, ilikuja na kioo cha 4 kwa 3 au kinachokaribia hapo, karibu na umbo la leso. Nilikuja kulijua hilo pesa zishatoka, ingawa kwa bei yake pengine ningebaki na marobota yangu.

Nikasema nairudisha. Mpwa wangu wa miaka 15 nusura alie. "Mjomba, wacha! Mpira wajaa kioo chote!" Kweli, video nyingi ni 16 kwa 9, kwa hiyo kwake ule weusi ni uzi tu. Kasoro yangu ndiyo raha yake.

Mamangu naye ana lake. Akiisimamisha wima kusoma msahafu, ukurasa wa mistari 15 wakaa sawasawa, herufi kubwa, hahitaji miwani. Hapo aisifu mpaka nione haya kulalamika. Shida ni akimpigia khala aliyeko Muscat. Kava yake huiegemesha kwa ulalo, na kamera imewekwa kwenye ubavu mfupi, kwa hiyo inabaki pembeni kushoto. Mama amtazama dadake katikati ya kioo, huko Muscat aonekana ametazama kando. Khala akauliza, "Mbona watizama ukutani, kuna mgeni?" Simu nzima ikawa ni ya huyo mgeni asiyekuwepo.

Hili simlaumu aliyeniuzia. Waundaji walikwenda muda mrefu wakidhani tableti hushikwa wima kama kitabu. Hiyo iPad ya 2010 haikuwa na kamera hata moja, na ile ya kawaida haikuhamishiwa kamera ya mbele kwenye ubavu mrefu mpaka 2022. Yangu ni ya fikra za zamani.

Betri sina neno, yanifikisha Magharibi nikiwa nimefungua tangu saa tatu asubuhi. Mgongo wake unang'aa na joto letu lafanya viganja vitoke jasho, ishaniponyoka mara mbili. Nje kwenye kibaraza, jua la saa saba, kioo chageuka kioo cha kujitazama. Mteja mmoja alikitumia kutengeneza mtandio wake, akashukuru, akenda zake.

Nimeipa nyota tatu. Mpwa wangu angeipa tano, mama nne.

Mama sasa amepata dawa yake: akizungumza na khala huisimamisha wima, imeegemea chupa ya chai, kamera juu. Khala aona uso mzima. Jumapili iliyopita iliteleza ikalala kifudifudi ndani ya mbaazi za nazi. Tukaipangusa, na khala bado alikuwa hewani, auliza mahamri yako wapi.